Kompyuta ya Gemu Uliyoiunda Mwenyewe Inajizima: Ichunguze Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Mpwa wangu alifika kwangu na bajaji, keisi ya kompyuta ameiviringisha kwenye kanga ya mama yake. Hajakaa hata vizuri akasema, "Shikamoo mjomba. Hii kadi ya michoro imekufa, naiuza." Kompyuta ile aliiunda kwa mikono yake na kwa akiba ya mwaka mzima: prosesa ya Ryzen 5 3600, kadi ya RX 580 ya mtumba, RAM ya GB 16. Wiki tatu mfululizo ilikuwa inazingua katikati ya gemu. Alishaweka Windows upya mara mbili, na alishanunua RAM ya nyongeza. Nikamuuliza, "Inazimaje?" Akanitazama. "Si inazima tu, mjomba."

Nimeona vijana wengi wakipoteza pesa hapo hapo. Kuzima kuna namna zake, na kila namna inakuelekeza upande tofauti. Kabla hujagusa bisibisi, jua kompyuta yako inazima vipi.

Inazimaje?

Ikikata ghafla kama umeme umekatika, skrini nyeusi, feni kimya, kisha pengine ijiwashe yenyewe, anza na umeme na joto. Ikileta skrini ya bluu yenye maandishi, fikiria RAM, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) au prosesa. Skrini ikiwa nyeusi huku feni za kadi ya michoro zinavuma kwa nguvu na sauti ya gemu bado inasikika, mtuhumiwa wa kwanza ni kadi yenyewe, draiva yake au waya wake wa umeme. Na ikiwa gemu peke yake inafungwa na kukurudisha kwenye Windows, huku kompyuta ikiendelea kama hakuna kilichotokea, mara nyingi tatizo ni jepesi zaidi, ingawa si kila mara. Nitaeleza kwenye sehemu ya prosesa.

Kuna kitu kinachoficha tofauti hizi. Windows ikipata skrini ya bluu hujiwasha upya haraka, nawe unadhani umeme ulikatika. Izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua kichupo cha tatu, kisha ingia kwenye mipangilio ya kisanduku cha chini kabisa. Humo utaona alama ya tiki inayoruhusu mashine kujiwasha yenyewe. Iondoe. Safari ijayo skrini ya bluu itakusubiri hadi uipige picha kwa simu.

Kisha bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr, na ufungue kumbukumbu za mfumo. Karibu kila mtu hukuta tukio linaloitwa Kernel-Power 41 na kulipigia kelele kama vile ndilo chanzo. Silo. Tukio hilo linasema jambo moja tu: mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Chenye faida kimo ndani ya maelezo yake, kwenye namba inayoitwa BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, kwa hiyo shuku umeme, joto au kuganda kabisa. Ikiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya makumi: 26 ni MEMORY_MANAGEMENT, 278 ni VIDEO_TDR_FAILURE, 292 ni WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Majina haya yatarudi kwenye sehemu za chini.

Chukua daftari. Andika saa iliyozima, gemu gani, ilikuwa imecheza dakika ngapi, na nini kingine kilikuwa kimewashwa ndani ya nyumba. Mpwa wangu nilimrudisha kwao na daftari kwa siku nne. Aliporudi, kurasa zake zilionyesha jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona: mchana alicheza kwa muda wa saa tatu bila shida, na mara zote tano mashine ilizima kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku. Namba ilikuwa 0 kila mara.

Umeme

Hapa kwetu ningeanza na umeme hata kabla ya kufungua keisi, na ninajua kwamba maelekezo mengi yaliyoandikwa ughaibuni huuruka kwa sababu kwao ukutani mna volti zilezile asubuhi na usiku. Tanzania kiwango cha kawaida ni volti 230. Jioni, mtaa mzima ukiwasha pasi, jokofu, jiko na pampu ya maji, kinachofika kwenye soketi yako kinaweza kuwa pungufu sana. Pima kwa malitimita saa ile ile ambayo mashine huzima. Kama hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwite fundi umeme, si jambo la kujaribia. Nyumbani kwa mpwa wangu tulipata 226 saa nane mchana na 194 saa mbili usiku.

Sasa soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme. Watu husoma namba kubwa ya wati tu. Wewe soma mistari miwili mingine. Wa kwanza ni umeme unaoingia. Nzuri huandikwa volti 100 hadi 240, nyingi za bei rahisi huandikwa 200 hadi 240. Hiyo ya pili ikipewa volti 194 iko chini ya kiwango chake, hata kama ni mpya.

Mstari wa pili ni ampea za volti 12, maana prosesa na kadi ya michoro hula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai ya mpwa wangu iliandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, lakini kwenye volti 12 ilikuwa na ampea 24. Hizo ni wati 288. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185, na Ryzen 5 3600 inaruhusiwa kufika karibu 88. Tayari ni 273, hujahesabu mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), feni na diski. Mchana, umeme ukiwa mzuri, ilijikongoja. Usiku ilikata.

Kadi za michoro za sasa zina tabia nyingine inayopasa kujulikana: huruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hadi juu mno ya wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ndiyo sababu kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinaitaka pawa saplai ivumilie miruko inayofika mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi. Ukiwa na kadi kubwa na pawa saplai ya zamani, hata yenye jina zuri, inaweza kujikinga na kukata katikati ya gemu ilhali hesabu ya wati inaonekana inatosha.

Angalia na waya. Kila soketi ya pini 8 ya kadi ya michoro imepangiwa wati 150, ya pini 6 wati 75, na nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75. Kadi yenye soketi mbili ipewe waya mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Wenye kadi zinazotumia ile soketi ndogo ya pini 16, kama RTX 4090, wasukume kichwa cha waya hadi mwisho na wasiukunje karibu na soketi. Mwaka 2022 vichwa kadhaa viliyeyuka, na vingi vilikuwa havijaingia vizuri.

Jaribio langu la bure ni hili. Kwa programu ya kadi yako punguza kikomo cha nguvu hadi asilimia 70, na ufunge gemu isizidi fremu 60 kwa sekunde. Cheza muda ule ule uliozoea kuzimiwa. Mashine ikitulia, umekaribia sana: yaelekea shida ni umeme au joto, wala si Windows.

Kuhusu stabilaiza na UPS, nisikudanganye. Stabilaiza inasaidia umeme unaposhuka taratibu, lakini zile zinazopiga "tak, tak" hubadilisha hatua kwa kukata umeme kitambo kidogo, na pawa saplai dhaifu inaweza isivumilie hata hicho. UPS ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400, kwa hiyo mashine ya gemu pamoja na skrini vikiwa kazini vinaweza kuizidi. Tena UPS za bei ndogo zikienda kwenye betri hutoa wimbi la umeme lisilo laini, na baadhi ya pawa saplai hulikataa na kuzima. Kama mashine hukata pale tu umeme unapokatika na UPS inaposhika, umeshajua pa kutazama.

Usifungue pawa saplai. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya, na zinaweza kukuua.

Joto na vumbi

Weka HWiNFO64, programu inayosoma joto la vifaa, iache iandike kumbukumbu kwenye faili huku ukicheza, kisha usome mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Prosesa za Ryzen 7000 zimeundwa kufika nyuzi 95 na kuendelea na kazi, na nyingi za Intel za mezani kikomo chake ni 100, kwa hiyo namba kubwa peke yake isikutishe. Prosesa ya kisasa ikipata joto hupunguza kasi kwanza, na huzima pale tu joto linapopita kabisa. Kinachonitisha mimi ni prosesa inayopanda kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache baada ya kupewa kazi. Hapo hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) haijakaa vizuri, au pampu ya maji ya kuipoza haijaunganishwa, au kile kinailoni cha kukinga chini ya hitisinki bado kipo. Hilo la nailoni nimelikuta zaidi ya mara moja, kwa watu makini kabisa.

Kwa kadi ya michoro linganisha joto la kawaida na lile la sehemu iliyo moto zaidi. Tofauti ikipita nyuzi 25 hivi, pesti ya joto imekauka au haijaenea. Kadi za mtumba zina hadithi yake: tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si mbaya zote. Ila pesti na feni zake zimechoka, na baadhi zilibadilishwa BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kadi) ili zichimbe vizuri. Kadi kama hiyo huonekana nzima kwenye Windows, halafu huleta madoadoa au kuganda kwenye gemu. Baadhi zina swichi ndogo ubavuni ya kurudi kwenye BIOS ya pili. Zima mashine, isogeze, ujaribu.

Njia rahisi ya kuthibitisha joto: fungua ubavu wa keisi na uelekeze feni ya mezani ndani. Mashine ikitulia, umepata jibu bila kutumia hata shilingi. Dar au Tanga, chumba chenye nyuzi 32 na keisi yenye kioo mbele kisicho na tundu ni mateso kwa mashine. Ukipuliza vumbi, zishike feni kwa kidole zisizunguke. Wanaokaa karibu na bahari watazame pia miguu ya dhahabu ya RAM na ya kadi. Unyevu wa chumvi huacha utandu. Kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi ya isopropili vinatosha.

RAM

Dalili kubwa ya RAM ni skrini za bluu zenye jina tofauti kila mara: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jina jingine kabisa. Gemu zinafungwa ovyo, faili ulilopakua linasema limeharibika.

Ingia BIOS ya mazabodi, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, na uzime kwanza XMP au EXPO, yaani kipengele kinachopandisha kasi ya RAM. Watu hudhani kasi iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo kasi ya kawaida. Kumbe DDR5 (kizazi kipya cha RAM) ya boksi la 6000 huanza kwenye 4800 au jirani yake, na kuipandisha ni kuisukuma prosesa na mazabodi zaidi ya kiwango chao cha msingi. Mashine ikitulia kwenye kasi ya chini, si lazima RAM iwe mbovu. Ipandishe ngazi kwa ngazi, au usasishe BIOS kisha ujaribu tena. Mashine mpya ya DDR5 ikikaa na skrini nyeusi kwa dakika chache mara ya kwanza, iache. Inajipima RAM. Wengi huizima hapo na kuianzisha upya, kisha wanalia kwamba haiwaki.

Kama una vipande viwili kwenye mazabodi yenye nafasi nne, viweke nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi kitathibitisha. Halafu andaa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iwashe mashine kwa hiyo flashi, na uiache mizunguko minne usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuwa kosa. Likitokea, pima kipande kimoja kimoja katika nafasi ile ile, ili ujue kama mbovu ni kipande au ni nafasi.

Na tafadhali, usichanganye RAM za seti mbili, hata kama jina na kasi vinafanana. Chipu za ndani zinaweza kuwa za viwanda tofauti.

Kadi ya michoro na draiva yake

Windows huipa kadi ya michoro sekunde 2 za kujibu. Isipojibu, huiwasha upya draiva, na unaona skrini inakatika kisha inarudi. Kwenye kumbukumbu kunabaki tukio namba 4101. Ikishindwa kurudi, unapata VIDEO_TDR_FAILURE. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, ingia Windows kwenye hali salama, ondoa ya zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha weka mpya. Kama shida ilianza siku ulipoweka draiva mpya, rudi kwenye ile ya awali. Mpya si lazima iwe bora. Ondoa pia kila kasi ya ziada uliyoiweka, hata ile uliyoiona tulivu mwaka jana, maana kadi huzeeka. Kama kadi imesimama wima kwa kebo ya nyongeza, iondoe na uichomeke moja kwa moja kwenye mazabodi. Njia bora kuliko zote ni kuazima kadi ya rafiki kwa siku moja.

Prosesa

Prosesa huharibika mara chache, lakini kuna kisa kimoja kila mwenye Intel ya kizazi cha 13 au 14 lazima akijue. Baadhi ya hizo za mezani zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa ndani. Dalili yake ilipotosha watu: gemu ilifungwa wakati wa kuandaa picha zake na kutoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imeisha, hata kwa mwenye kadi yenye GB 24. Watu waliuza kadi zisizo na kosa lolote. Agosti 2024 Intel ilitoa rekebisho la 0x129, Septemba likafuata 0x12B, yote huja kupitia BIOS mpya ya mazabodi, na dhamana ikaongezwa miaka 2 kwa prosesa zilizouzwa kwenye boksi. Rekebisho huzuia uharibifu. Iliyokwisha kuchakaa haiponi. Kwa hiyo sasisha BIOS leo, na kama dalili zinaendelea, tafuta risiti yako.

Kwa wengine, ukikuta WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, rudisha mipangilio yote ya BIOS ya kiwandani na uondoe volti ulizopunguza. Kupunguza volti kunapendwa sababu kunaleta ubaridi, lakini mashine hupita jaribio la saa nzima na kuanguka ikiwa imetulia bila kazi.

Kabla ya kukata tamaa

Diski na Windows hazinichukui muda. CrystalDiskInfo itakuambia afya ya diski. Amri ya sfc /scannow itakagua faili za Windows. Steam ina sehemu ya kuhakiki faili za gemu. Gemu moja tu ikizingua na nyingine zote zikienda, usifungue keisi.

Vyote vikishindwa, toa mashine nje ya keisi. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, prosesa na hitisinki yake, kipande kimoja cha RAM, kadi ya michoro na diski moja. Ikitulia hapo, kuna kitu ndani ya keisi kilichokuwa kikigusa: skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi, au kinguzo cha shaba kilichofungwa mahali pasipo na tundu. Kagua pia waya wa pini 8 wa prosesa kule juu kabisa. Huwa unaonekana umeingia kumbe umeshika nusu.

Mpwa wangu alinunua pawa saplai ya wati 550 inayopokea volti 100 hadi 240, yenye ampea 45 kwenye volti 12. Kukata kwa usiku kukakoma siku hiyo hiyo. Siku ya tatu akanipigia simu, sauti imenyong'onyea: "Mjomba, sasa imeleta skrini ya bluu." Jina moja, kesho yake jina jingine. Ilikuwa ile RAM ya nyongeza aliyoinunua kwa pupa wiki ya kwanza, wakati tatizo lilikuwa umeme. Memtest86+ ilionyesha makosa 11 vipande vyote vikiwa pamoja, na sifuri vile viwili vya mwanzo vilipobaki peke yake. Aliviuza vile vya ziada kwa jirani anayetaka kompyuta ya kuandikia, vikapimwa peke yake kwanza na kuonekana vizima. RX 580 bado anayo.